Kiingereza cha Kuombea Maji Ndicho Wanachokitaka

Swali: "Asalaam aleikum mwalimu. Nina miaka 34, niliishia darasa la saba, nauza vitumbua hapa Ngamiani, Tanga. Mume wangu yuko Leicester na tunataka kuomba viza ya mwenza ili nimfuate pamoja na mtoto. Nimeambiwa lazima nifanye mtihani wa kuzungumza Kiingereza, ule wa A1. Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu. Binti wa jirani amesoma, kaniandikia kurasa nne za habari zangu nizikariri. Ukurasa wa kwanza nimeumeza, lakini akinikatiza kwa swali ulimi unakufa ganzi. Nimebakiwa na wiki sita. Nianzie wapi? Mama Nuru."

Jibu:

Waaleikum salaam, Mama Nuru. Nianze na hilo la kuombea maji, maana umelisema kama mtu anayetubu dhambi.

A1 ni ngazi ya kwanza kati ya sita katika kipimo cha lugha kilichotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Ngazi ya juu kabisa ni C2. Maelezo ya A1 yanasema mtu wa ngazi hii anaweza kujitambulisha, kuuliza na kujibu maswali juu ya anapokaa, watu anaowajua na vitu alivyo navyo, na anaweza kuzungumza kwa namna nyepesi endapo mwenzake anasema polepole, kwa uwazi, na yuko tayari kumsaidia. Yasome tena maneno ya mwisho: yuko tayari kumsaidia. Kuhitaji msaada kumo ndani ya ngazi yenyewe. Kwa hiyo Kiingereza cha kuombea maji ndicho hasa wanachokitaka, ila wanataka uombe kweli, uombe kwa adabu, na ukijibiwa kwamba maji yamekwisha ujue la kusema baada ya hapo.

Hapo kwenye "baada ya hapo" ndipo kurasa zako nne zinapokuangusha. Nitarudi hapo.

Kwanza hakikisha unajiandaa kwa mtihani wenyewe. Nimeona watu wakilipia mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, ule wa kawaida, ile ya wanaokwenda kusoma, yenye kusoma makala ndefu na kuandika insha, kisha wakarudi kwangu wakilia. Serikali ya Uingereza ilianza kudai Kiingereza kwa wenza kabla ya viza mwezi Novemba 2010, na tangu 2015 kuna mtihani uliotengenezwa mahususi kwa ajili hiyo, IELTS Life Skills. Kwa ngazi ya A1 unachukua dakika 16 hadi 18. Hakuna kusoma wala kuandika insha, ni kusikiliza na kuzungumza tu. Matokeo ni umepita au hukupita, hakuna alama za kujivunia. Mwambie mume wako aingie kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, aangalie orodha ya mitihani na vituo vinavyokubaliwa siku hiyo anayoangalia, kabla hamjatoa hata senti. Taratibu za viza hubadilika, na cheti cha kituo kisichokubaliwa ni karatasi ya kufungia vitumbua. Mkijaliwa, huko mbele kuna A2 wakati wa kuongeza muda wa viza na ngazi ya juu zaidi wakati wa kuomba ukaazi wa kudumu, lakini hayo ni ya miaka ijayo. Yaache yalale.

Sasa jambo ambalo huenda hukuambiwa: humo chumbani hutakuwa peke yako na mtahini. Mnaingia watahiniwa wawili. Mtahini anawauliza mmoja mmoja, halafu mnazungumza ninyi kwa ninyi, mnaulizana, mnakubaliana au kupishana juu ya jambo dogo. Huyo mwenzako humjui, naye hajaziona kurasa zako nne. Hatauliza kwa mpangilio wa binti wa jirani. Akikuuliza "Do you like the rain?" nawe umekariri habari za soko, utafanyaje? Utasimulia soko? Wapo wanaosimulia, na mtahini anatambua papo hapo kwamba anasikiliza kanda. Mazungumzo ni kupokezana, kama bao: mwenzako akicheza, zamu inakuja kwako, na hesabu ya mkono wako inategemea alichokwisha kukifanya yeye. Huwezi kukariri mchezo wa bao nyumbani.

Kwa hiyo badala ya kurasa, jifunze vipande. Kipande cha kwanza kabisa, ambacho karibu kila mtahiniwa hukutana nacho, ni jina lako, na kulitaja herufi kwa herufi.

Usicheke. Hapa ndipo wengi wanaojua zaidi yako hujikwaa dakika ya kwanza na woga ukawaganda mpaka mwisho. Sababu ni kwamba herufi ni zilezile ila majina yake yamebadilishana viti. A yao inaitwa "ei". E yao inaitwa "ii", sauti ambayo kwetu ndiyo herufi I. Na I yao inaitwa "ai". Ukilitaja jina la Zainabu kwa mazoea ya shule ya msingi, ukifika kwenye I ukasema "i", Mwingereza ataandika E bila wasiwasi wowote, nawe utashangaa jina limegeuka. Zainabu kwa Kiingereza ni: zed, ei, ai, en, ei, bii, yuu. Mwanaidi ni: em, dabliyu, ei, en, ei, ai, dii, ai. Angalia pia G ni "jii" na J ni "jei", watu huzibadilisha. R ni "aa" tu, ulimi haugongi popote. Y ni "wai". H ni "eich". Fanya jina lako, la mume wako, la mtoto, jina la mtaa na la mji. T, A, N, G, A: tii, ei, en, jii, ei. Lifanye ukikanda unga mpaka mikono iwe inaendelea na kazi huku mdomo unataja bila wewe kufikiri. Hilo ndilo jambo pekee ninalokuruhusu ulikariri kama dua.

Kisha namba. "Thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty". Sisi Kiswahili chetu kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ki-TA-bu, na-PE-nda, na mdomo unataka kufanya vivyo hivyo kwa kila lugha. Matokeo yake tunasema "THIR-teen", na sikio la Mwingereza linasikia thelathini. Kumi na tatu mkazo uko mwishoni, thir-TEEN, uvute. Thelathini mkazo uko mwanzoni, THIR-ty, mwisho ufupi. Kwa mfanyabiashara kama wewe jambo hili ni la bei, si la shule: tofauti ya kumi na tano na hamsini ni faida ya siku nzima. Namba ya simu wanaitaja tarakimu mojamoja, sifuri mara nyingi wanaiita "ou", na zikifuatana mbili zinazofanana wanaweza kusema "double". 

Na saa! Mama Nuru, saa imewatia aibu wanafunzi wangu wengi kuliko sarufi yote. Darasani niliwahi kuwakalisha wawili waulizane. Mmoja akauliza "What time do you get up?" Mwenzake, mama mcha Mungu anayeamka alfajiri ya saa kumi na moja, akajibu kwa fahari, "I get up at eleven." Aliyeuliza akamhurumia: "You are sick?" Sisi siku yetu inaanza kuhesabiwa jua likichomoza, wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa moja asubuhi ni "seven o'clock", saa mbili ni "eight", saa kumi na moja alfajiri ni "five", saa sita mchana ni "twelve". Usikae kujumlisha sita kichwani mbele ya mtahini, utachelewa. Andika shughuli tano za siku yako, kuamka, kuwasha jiko, kwenda gengeni, mtoto kurudi shule, kulala, kila moja na saa yake ya Kiingereza, uzizoee kama zilivyo. Simu yako tayari inaonyesha saa yao. Kila ukiitazama, itamke kwa sauti.

Tukija kwenye kujibu, kanuni yangu ni moja: jibu, ongeza kidogo, rudisha. Wanaoanza kujifunza huangukia upande mmoja kati ya miwili. Wengine hujibu neno moja, "Yes", wakanyamaza wakitazama meza, na mtahini analazimika kuvuta maneno kama anavuta ndoo kisimani. Wengine huachia mafuriko. Wewe jibu swali kwa ufupi, ongeza sentensi moja yenye kitu cha kushikika, halafu kama anayeuliza ni mtahiniwa mwenzako, mrudishie. "Do you like cooking?" "Yes, I do. I make vitumbua every morning. And you?" Hiyo inatosha kabisa. Neno "vitumbua" halina shida, ni jina la kitu chako, ila uwe na sentensi ya kulifafanua: "They are small rice cakes. They are sweet." Umefanya mambo mawili kwa mpigo: umejibu, na umeonyesha kwamba ukikosa neno unaweza kulizunguka.

Kuzunguka neno ni ufundi mkubwa kuliko kujua maneno mengi. Umesahau mwiko unaitwaje? "The thing for cooking. Long. For rice." Mtahini ameelewa, tumesonga mbele. Aliyekaa kimya akilitafuta neno "spoon" kichwani sekunde ishirini ndiye aliyepoteza. Hapa wewe una mtaji ambao wasomi hawana. Kila siku unauza kwa mteja wa Kihindi, wa Kimasai, mgeni kutoka Pemba, na hamkosi kuelewana. Kipaji hicho kibebe kiende nacho chumbani.

Upande wa kuuliza ndio unaosahaulika zaidi. Wanafunzi wangu hujiandaa kujibu wiki nzima, hawajiandai kuuliza hata dakika kumi, ilhali katika mtihani huu uwezo wa kupata habari kutoka kwa mwenzako unapimwa vilevile. Na kuna mtego wa Kiswahili. Sisi tukisema "Unapenda chai" na "Unapenda chai?" maneno hayabadiliki, sauti tu inapanda. Kwa hiyo tunauliza "You like tea?" Utaeleweka, sikutishi. Lakini zipo fremu tano ambazo ukizishika utaweza kuuliza karibu kila kitu cha A1: "Do you like...?", "Where do you...?", "What time do you...?", "What's your favourite...?" na "How many ... do you have?" Nafasi zilizo wazi unajazia mada. Mada zenyewe hazina siri: familia na marafiki, kununua vitu, kazi, afya, mapumziko, masomo, usafiri, makazi, hali ya hewa, na habari zako binafsi. Chukua fremu moja, ipitishe kwenye mada zote: "Do you like buses? Do you like cold weather? Do you like your house?" Baadhi zitakuwa za kuchekesha. Cheka, ulimi unalainika.

Mwenzako wa mtihani si mshindani wako. Akipita yeye haikuzuii wewe, akianguka haikusaidii. Ukikuta ameganda, muulize swali jepesi, usimjibie. Ukikuta ni msemaji anayetiririka, msubiri avute pumzi, uingie na "Me too" au "Really? I don't like it." Na mtazame yeye mnapozungumza pamoja. Wengi humtazama mtahini kama mtoto anayetafuta ruhusa ya mama.

Sasa yale maneno ya kuokolea jahazi. Ni manne, nayo uyajue hata ukiamshwa usingizini: "Sorry, can you say that again, please?" "Sorry, I don't understand." "Can you speak slowly, please?" na "What does ... mean?" la kuulizia maana ya neno. Kumbuka maelezo ya A1 niliyokuanzia nayo. Kuomba urudiwe ni sehemu ya Kiingereza cha ngazi yako, na anayeomba vizuri anaonekana anaendesha mazungumzo. Kinachoharibu ni kuitikia "Yes, yes" kwa jambo ambalo hukulielewa. Swali likiwa "Where do you buy your clothes?" nawe ukasema "Yes", basi kila mtu chumbani amejua.

Hilo "yes" lina mtego mwingine. Kwetu mtu akiuliza "Huna gari?" tunajibu "Ndiyo, sina", tunakubaliana na maneno yake. Wao hawakubaliani na maneno, wanaitazama hali yenyewe: gari hakuna, basi "No, I don't." Ukisema "Yes" wanaelewa gari lipo. Kwa hiyo jiwekee kanuni: kama kitu hakipo, "no", hata swali liulizwe kichwa chini.

Na kuomba. Kiswahili kina "naomba", neno moja lililobeba adabu yote. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kazi hiyo. Ukitafsiri "nataka maji" ukasema "I want water", umekuwa bosi anayefoka. Sema "Can I have some water, please?" Hilo "please" la mwishoni ndilo "naomba" yao. Basi hiyo ndiyo sentensi ya kuombea maji, Mama Nuru. Ukibadilisha neno la katikati umeomba chai, kalamu, tiketi, kilo ya sukari.

Swali la familia ni karibu hakika kuja, na hapo kuna shimo la yeye. "Yeye" wetu hana jinsia. Wao wana "he" wa kiume na "she" wa kike, na ulimi wa Mswahili huokota wowote uliokaribia. Wewe unayemfuata mume, ukisema "My husband lives in Leicester, she works in a warehouse", utakuwa umezua maswali ya bure. Dawa yake ni picha. Chukua picha za familia kwenye simu, pitisha kidole moja baada ya nyingine, kila uso useme sentensi mbili: "This is my brother. He is tall. This is my mother. She sells fish." Dakika tano kila usiku kabla ya kulala. Baada ya wiki mbili utasikia "he" inakuja yenyewe. Na usitafsiri ukoo neno kwa neno. Mama mdogo ni "aunt", baba mkubwa ni "uncle", mtoto wa mama mdogo ni "cousin". Najua kwetu huyo ni ndugu yako wa damu na kumwita "cousin" ni kama kumtupa nje, lakini ukisema "my small mother" watafikiri mama yako ni mfupi.

Matamshi yasikunyime usingizi. Lafudhi ya Tanga haikatazwi na mtu, kinachotakiwa ni ueleweke. Tena Kiswahili kimekupa zawadi ambazo mataifa mengi wanazihangaikia. Th ya "three" ni ile ya thelathini, th ya "this" ni dh ya dhahabu, na "morning" mwishoni ni ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma. Watu wa Pwani hayo mnayo tangu madrasa.

Mambo mawili tu ya kurekebisha. La kwanza, maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo tunalivalisha kila neno lao irabu ya mwisho: "foodi", "shopu", "I laiki". Funga mdomo kwenye konsonanti ukomee hapo. Sema "shop" ukaacha midomo imegusana, usiifungue mpaka neno linalofuata. La pili, sisi tuna irabu tano, Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zinazokaribia ishirini, na nyingine zinabadilisha maana. "Live" ni fupi, ishi. "Leave" ni ndefu, ondoka. "I live in Tanga" ukiivuta umeshaondoka Tanga. "Walk" ni kutembea, mdomo unaviringika, "wook". "Work" ni kazi, mdomo unalegea, sauti inayotoka ni ile ya mtu anayesitasita akifikiri. Hayo mawili yatakuja tu, maana utaulizwa kazi yako. Irabu zilizobaki ziache mpaka uwe umefika Leicester.

Sehemu ya kusikiliza ni fupi. Utasikia watu wakisema mambo ya kawaida, dukani, kituo cha basi, na unaulizwa kwanza kwa jumla ni habari ya nini, kisha vipengele vidogo: bei, siku, saa. Karatasi na kalamu hutolewa, ziandike namba unazozisikia. Mazoezi yake usiyatafute mbali. Mwambie baba Nuru akutumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp kila siku, nusu dakika, kwa Kiingereza chepesi: amenunua nini, kwa pauni ngapi, basi lake limeondoka saa ngapi, mvua imenyesha au la. Wewe unamjibu kwa sauti, halafu unamuuliza swali moja. Usiandike. Kuandika kunakupa muda ambao mtihani haukupi. Na asikusahihishe kila neno, mwambie mwalimu amemkataza. Mume anayesahihisha sana huzaa mke anayenyamaza.

Wiki zako sita sitakupangia kama ratiba ya ligi. Wiki mbili za kwanza ziende kwenye jina, namba, saa na picha za familia, kwa sababu hivyo vinahitaji kurudiwa mpaka vizoeleke. Baada ya hapo kila siku mada moja, ukijiuliza na kujijibu kwa sauti ukiwa jikoni. Kwa sauti, nasema, maana Kiingereza cha moyoni hakina matamshi wala haraka, na kila mtu ni fundi akiwa kimya. Wiki mbili za mwisho tafuta mtu usiyemzoea. Binti wa jirani umeshamzoea, sikio lako linamjua. Muombe alete rafiki zake wa shule, mmoja leo, mwingine kesho, kila mmoja akae nawe robo saa akuulize anavyotaka, nawe umuulize. Walipe kwa vitumbua. Siku utakapoweza kukaa na msichana mgeni dakika kumi bila kurukia Kiswahili, hata kama umekosea kila sentensi ya tatu, uko tayari.

Siku yenyewe chukua pasipoti uliyojiandikishia, ileile, si kitambulisho kingine. Fika mapema. Kula kitu. Ukiwa unasubiri nje, usisome chochote. Salimia walinzi na wa mapokezi kwa Kiingereza, "Good morning, how are you?", ili sauti ya kwanza ya lugha ile isitoke mdomoni mwako mbele ya mtahini. Ukishaingia, ukikosea usirudi nyuma kuomba radhi. Sentensi imeshapita, shika inayofuata. Na ikitokea hukupita, unaruhusiwa kulipia tena na kurudia. Ni hasara ya fedha, haifungi mlango.

Zile kurasa nne usizitupe. Nyuma hazijaandikwa kitu. Leo usiku mwite binti wa jirani, mzigeuze kurasa, aandike upande mtupu maswali arobaini, kumi kila ukurasa, bila mpangilio wowote: hali ya hewa, kisha dada yako, kisha nauli, kisha chakula. Ayakate vipande, avitie kwenye kopo la Blue Band. Kila asubuhi mafuta yakiwa yanapata moto, toa vipande vitatu, jibu, ongeza kidogo, halafu mgeukie Nuru umuulize yeye.